Mjadala: Msomi akitufaa sote, kwa nini makato ya Bodi ya Mikopo yawe asilimia 15 kwa kila mtu?

Wadau, kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka hoja ileile inarudi: digrii haina maana siku hizi, hela ya ada bora mtoto anunuliwe bodaboda au apelekwe VETA akajifunze ufundi. Siibezi VETA hata kidogo, nchi hii ina njaa ya mafundi. Ninachokataa ni kipimo. Tunakipima chuo kikuu kwa mshahara wa aliyesoma, kana kwamba faida yote inaishia mfukoni mwake.

Tazameni Morogoro. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO likishirikiana na chuo limefundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na panya hao wamefanya kazi kubwa ya kusafisha ardhi Msumbiji. Wengine wananusa makohozi. Sampuli imepita kwenye darubini ya kituo cha afya, ikaandikwa haina kifua kikuu; panya anasimama juu yake na kukwaruza kuonyesha amenusa ugonjwa, maabara inapima upya, na mgonjwa aliyekwisha kurudi nyumbani anatafutwa aanze dawa. Huenda mgonjwa huyo hajawahi kukanyaga chuo. Watoto anaolala nao chumba kimoja, walionusurika kuambukizwa, faida yao tuiandike kwenye mshahara wa nani?

Sasa tuje kwenye deni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi 2005, na bila bumu, yaani mkopo wake, wengi wetu tungeishia kidato cha sita. Lakini marekebisho ya sheria ya 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Shika hati ya mshahara ya mwalimu mpya wa sekondari ya kata: kodi ya mapato, mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, halafu Bodi 15. Kinachobaki ndicho cha pango, nauli na kumsomesha mdogo wake. Mkurugenzi mwenye mshahara mara kumi naye anakatwa 15 hiyohiyo, na haimzuii kula.

Najua jibu litakalokuja: kwa nini mkulima asiyesoma abebe digrii ya mtoto wa mwenzake? Hoja ina uzito, na marejesho ndiyo yanayowakopesha wanaofuata. Ndiyo maana siombi deni lifutwe. Naomba makato yapande kulingana na kipato: wa chini akatwe kidogo kwa miaka mingi, wa juu alipe haraka. Serikali ilipoondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021, ilionyesha kwamba masharti haya yanabadilishika.

Mnaotetea 15 kwa wote, hasa mliowahi kukatwa mkiwa na mshahara wa kuanzia, leteni hoja: Bodi itapoteza nini ikianza na asilimia 5 kwa mwalimu huyu?