"Bring forward": kusogeza mbele, kurudisha nyuma au kuwahisha?

Karani wa Vikao: Ndugu wanajukwaa, nilipewa tangazo la Kiingereza lisemalo "The meeting has been brought forward to 12 March", ilhali kikao kilikuwa kimepangwa tarehe 19. Niliandika kwamba kikao kimesogezwa mbele hadi tarehe 12, na wajumbe wawili wakanipigia simu kuuliza kama nilikusudia tarehe 12 Aprili. Lipi linafaa?

Mwalimu Mstaafu: Wajumbe wako walikisoma Kiswahili sawasawa. Kwetu siku za mbele ni zile ambazo hazijafika, ndiyo maana mgonjwa akiambiwa kwamba upasuaji wake umesogezwa mbele, anajua kwamba atasubiri zaidi. Mwingereza anayetumia "bring forward" huivuta tarehe imjie pale alipo, na maana hiyo imebebwa na "bring", yaani leta. Wakisikia "moved forward", hata wenye lugha yao hugawanyika, wengine wakielewa mapema na wengine baadaye. "Brought forward" kwa tarehe haiwababaishi.

Mtafsiri wa Pwani: Shikamoo, Mwalimu. Mimi huandika "kimerudishwa nyuma", kwa kuwa kwa Waingereza "put back" ndiyo kuahirisha, hivyo nyuma yao ni mbele yetu.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Mantiki yako ni sahihi, lakini kurudisha nyuma kunasikika kama kukwamisha, kama tunavyosema ugonjwa umemrudisha mtoto nyuma kimasomo. Nashikilia "kuwahisha".

Binti Mhariri: Naungana na Mwalimu, ila naona "kuwahisha" kunakaa vizuri zaidi kwenye saa: kikao kimewahishwa, kitaanza saa 2 badala ya saa 4. Kwa tarehe ningetaja zote mbili, ya zamani na mpya, ili msomaji asilazimike kukisia. Tusisahau pia kwamba katika daftari la hesabu "brought forward" ni salio lililohamishwa kutoka ukurasa uliotangulia, na katika mjadala "bring forward a proposal" ni kuwasilisha pendekezo. Huko kuwahisha hakuna nafasi kabisa.

Karani wa Vikao: Nawashukuru sana. Tangazo jipya nimelibandika asubuhi hii: "Kikao kilichopangwa kufanyika tarehe 19 Machi kimewahishwa, sasa kitafanyika tarehe 12 Machi."