Mvua au ratiba: nini hasa kinatuchosha mashabiki wa NASCAR?

KonaYaNne:
Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Tangu Coca-Cola 600 ya 2024, mbio za magari za NASCAR pale Charlotte, Marekani, kuna kitu kimenikaa kooni. Mbio zinaanza saa kumi na mbili jioni, mizunguko 400. Mvua inashuka, bendera nyekundu, yaani mbio zinasimamishwa, baada ya mizunguko 249. Kyle Larson, dereva aliyetaka kukimbia mbio mbili siku moja, anatua kwa helikopta kutoka Indianapolis, ambako nako mvua ilishachelewesha zile za kwanza, Indy 500, kwa takriban saa nne. Anavaa, anasubiri. Sisi sebuleni tunasubiri naye. Mvua ikakata, magari ya kukaushia yakaanza kuzunguka, nikachemsha chai nyingine. Karibu saa tano na nusu usiku: basi, hewa ina unyevu mno, njia haikauki, mshindi Christopher Bell. Larson hakuzunguka hata mara moja!

Binti yangu alikuwa ameshalala kwenye kochi, kofia ya namba 5, ya gari la Larson, usoni. Wiki iliyofuata nilipowasha TV akasema nimwite ikibaki mizunguko 20.

Sasa swali: tunapungua kwa sababu ya mvua, au ya anayepanga mbio zianze jua likielekea kuzama? Mimi mvua siilaumu. Ukianza saa saba mchana, ikinyesha saa mbili nzima bado mnamaliza jioni. Ukianza jioni, mvua ileile inakula usiku wetu, na alfajiri kuna watu tunaingia kazini.

MzeeWaPiti:
Ndugu yangu, Daytona 500 ya 2025, mbio kubwa za NASCAR kule Florida, waliiwahisha kwa saa nzima, ikaanza saa saba na nusu mchana kwa sababu ya utabiri. Mvua ikaja vilevile, ikala zaidi ya saa tatu. Dereva William Byron alishinda usiku.

Halafu wafikirie wa California. Saa saba mchana ya mashariki mwa Marekani kwao ni saa nne asubuhi, wengine wako kanisani. Na mikataba ya TV iliyoanza 2025 ni dola bilioni 7.7 kwa miaka saba. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

DadaSlick:
Mimi kuchelewa hakunikeri, kinachonikeri ni kutojua. Nilikuwa jukwaani kwenye uwanja mmoja radi ilipopiga. Mnajua utaratibu: ikipiga ndani ya maili 8, kila kitu kinasimama dakika 30, na kila radi mpya inaanzisha hesabu upya. Zimebaki dakika nne, paa! Tunarudi mwanzo. Tumebanana chini ya jukwaa, soksi zimelowa, na kipaza sauti kinatuomba subira tu.

Lakini subira ikizaa kitu, watu hawasahau. Daytona 500 ya 2012, ya kwanza kuhamishiwa Jumatatu: dereva Montoya akaligonga gari la kukaushia, moto ukawaka, wakasugua lami kwa sabuni ya kufulia, mwenzake Kenseth akashinda Jumanne imeshaingia. Mpaka leo tunaisimulia. Na 2014 mvua ilisimamisha mbio hizohizo zaidi ya saa sita, TV ikarusha marudio ya 2013, watu wakampongeza Jimmie Johnson mtandaoni kwa ushindi wa mwaka uliopita 😂 Usiku akashinda dereva mwingine, Dale Jr.

TairiLaMvua:
Mbio za New Hampshire, Juni 2024. Mvua ilipokata, wakafunga tairi za njia yenye maji, mbio zikaisha siku hiyohiyo. Kwa viwanja vifupi dawa ipo. Daytona, kona zenye mwinamo wa digrii 31 na ile kasi, sahauni.

KonaYaNne:
DadaSlick, umenipa nilichokuwa natafuta. Ile ya 2012 ilipohamishwa, tulijua tukae Jumatatu usiku. Basi watangaze saa ya mwisho kabla injini hazijawashwa: ikifika saa tatu usiku njia haijakauka, tukutane kesho. Charlotte kesho yake ilikuwa Memorial Day, sikukuu ya taifa Marekani, watu wengi wako nyumbani. Najua sheria inasema mbio zikivuka nusu zinahesabika. Hiyo ndiyo ningeifuta kwanza, angalau kwa zile kubwa.

MzeeWaPiti, hao wa kanisani warekodi.