Wanaokimbilia ushindi na wanaoishi hadithi: je, wanaweza kudumu katika chama kimoja?

Mtunza_Lango ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaongoza chama kidogo katika mchezo wa mtandaoni wa kuigiza wahusika, na ninaomba ushauri kuhusu mvutano unaotugawa. Baadhi ya wanachama hutaka tuingie pangoni, tuwakwepe maadui wasio wa lazima, tuliangushe zimwi la mwisho na kutoka haraka iwezekanavyo. Wengine husoma kila neno la mazungumzo, hupekua kila chumba, na wachache huzungumza kama wahusika wao hata vita vikiwa vimepamba moto. Wale wa kwanza huwaita wenzao wazembe, nao huambiwa kwamba hawapendi chochote isipokuwa nyara. Je, nikigawe chama, niweke kanuni, au nimwache kila mtu ajitafutie wenzake?

Msoma_Ramani amejibu:

Suala hili ni la zamani kuliko michezo tunayoicheza leo. Richard Bartle, mmoja wa waundaji wawili wa MUD, mchezo wa maandishi matupu ulioanzia Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, alichapisha makala mwaka 1996 akiwagawa wachezaji katika makundi manne: wanaotafuta mafanikio, wanaotafuta kuufahamu ulimwengu wa mchezo, wanaotafuta watu, na wanaofurahia kuwaandama wachezaji wengine. Wengi huishia kwenye orodha hiyo, ilhali sehemu yenye uzito zaidi ni hoja yake kwamba makundi hayo huathiriana: waandamaji wakizidi, wapenda mazungumzo hukimbia. Kwa hiyo, Ndugu Mtunza_Lango, kumwambia kila mtu acheze apendavyo hakutoshi. Mtu mmoja akikimbia mbele, tayari amewachagulia wenzake wote wa safari namna ya kucheza.

Mponyaji_Mkongwe amejibu:

Nakubaliana nawe kuhusu athari, lakini naomba tusiwafungie watu katika makundi. Mtafiti wa michezo ya mtandaoni, Nick Yee, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006 kutokana na majibu ya wachezaji wapatao 3,000, alionyesha kwamba mvuto wa mafanikio, wa kujumuika na wa kuzama katika hadithi huweza kukaa pamoja ndani ya mtu yule yule. Mimi mwenyewe hupenda kasi, na siipendi kwa sababu ya nyara. Kulijua pango kiasi kwamba hakuna hatua inayopotea, kutambua pigo la zimwi kabla halijashuka na kutuma uponyaji kwa wakati wake hasa, huo nao ni upendo wa mchezo, na huniuma ukiitwa tamaa.

Dharau ndiyo inayovunja vyama. Mwezi Desemba 2009, mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft ulipoanza kuwaunganisha kwa mashine wachezaji kutoka seva mbalimbali, foleni za kuingia mapangoni zilipungua sana, jambo ambalo lilikuwa msaada mkubwa; lakini ilikuwa rahisi pia kumtukana mtu usiyetarajia kukutana naye tena. Chama chenu kina kitu ambacho mashine haiwezi kutoa, kwani mnajuana kwa majina na kesho mtahitajiana.

Panga_Butu amejibu:

Usigawe. Mchezo wa mtandaoni wa Ultima Online, uliozinduliwa mwaka 1997, ulikumbwa na malalamiko mengi kuhusu wachezaji waliowaua wenzao na kuwapora, na mwaka 2000 ulimwengu wake ukapewa nakala ya pili iitwayo Trammel, ambako hakuna aliyeweza kushambuliwa bila ridhaa yake. Wapenda amani walihamia huko kwa wingi, na wapenda hatari wakabaki na nchi isiyo na watu wa kutosha. Ulimwengu mzima uliweza kuhimili pengo hilo. Chama kidogo hakitaweza, hasa kama mna mponyaji mmoja tu, naye akaenda upande mmoja.

Mtunza_Lango amejibu:

Nawashukuru. Nimeanza kuona kwamba tulikuwa tukialikana bila kusema ni safari ya aina gani. Nitapendekeza mwaliko wowote utaje mwendo wake, na safari ya kwanza katika pango jipya ifuate hatua za yule asiyelijua, kwa kuwa hadithi ikishapitwa mbio mara ya kwanza, mshangao wake haurudi. Baada ya hapo, wapenda kasi wawe na jioni zao wenyewe bila kulaumiwa. Swali lililobaki ni nyara: anayekuja kwenye safari za polepole tu, je, awe na haki sawa?

Mponyaji_Mkongwe amejibu:

Awe na haki sawa katika safari aliyoshiriki, na asidai chochote katika ile ambayo hakushiriki. Mkihesabu mahudhurio ya wiki nzima kwa pamoja, wenye muda mwingi watachukua kila kitu, na wasoma hadithi wataacha kuja hata kwenye jioni mlizowatengea.