Mtoto wa miaka 5 analia kila asubuhi, hataki shule. Nimlazimishe au nimwache?

mama_mbagala
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada. Mtoto wa kiume, miaka 5, yuko elimu ya awali kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza. Muhula wa kwanza alienda vizuri tu. Tangu shule zifunguliwe Julai ni kilio: tumbo linauma, anang'ang'ania mlango, gari la shule likipiga honi anaingia uvunguni. Jumamosi na Jumapili tumbo halimuumi hata kidogo. Baba yake anasema anadeka, achapwe aende. Bibi yake anasema apumzishwe mpaka mwakani. Wiki hii amebaki nyumbani siku mbili. Nifanyeje, na nitajuaje kama kuna kitu kinamsumbua huko shuleni?

Mwl_Awali
Pole sana mama. Usimchape, na usimwache nyumbani. Fimbo inamwongezea hofu juu ya hofu aliyonayo. Kubaki nyumbani nako kunampa nafuu ya papo hapo: gari likiondoka tu, tumbo linatulia, na kesho yake kwenda kunakuwa kugumu zaidi. Hiyo haina maana kwamba anadanganya. Tumbo la mtoto mwenye wasiwasi huuma kweli.

Anayelia wiki mbili tatu za Januari mara nyingi ni uoga wa kuachana na mama, na kwa kawaida hupungua wenyewe. Aliyezoea kisha akabadilika Julai, tafuta kilichobadilika Julai: mwalimu mpya, matroni mpya wa gari, rafiki aliyehama. Nyumbani pia: mdogo wake kazaliwa, dada wa kazi kaondoka, kuna msiba au ugomvi.

Swali la "kwa nini hutaki shule?" liache, umri huo hana jibu lake. Jioni akishaoga na kula, pita naye siku yake kipande kwa kipande. Kwenye gari unakaa na nani? Begi unaliweka wapi? Uji unakunywa na nani? Ukibanwa mkojo unafanyaje? Sikiliza pale anaponyamaza ghafla au anaporukia habari nyingine. Njia nzuri zaidi ni mchezo: mpe vizibo vya soda viwe wanafunzi, boksi liwe gari, yeye awe mwalimu. Usimwongoze. Angalia tu "mwalimu" anavyowasemesha wale wanafunzi, nani anasukumwa, nani anakaa peke yake.

Halafu kuna mambo mawili ambayo wazazi wengi hawayafikirii.

La kwanza ni choo. Tundu la choo cha shule ni kubwa kwa miguu ya mtoto wa miaka 5, kuna giza, kunateleza, na wakubwa wanagonga mlango. Kama kaptula ina kulabu ngumu au mkanda, hawezi kuifungua kwa haraka. Anajikojolea, anachekwa, na kuanzia siku hiyo hataki kurudi. Mpelekee fundi aweke kiuno cha mpira, ni kazi ndogo. Mfanyisheni mazoezi ya kuchuchumaa, kujisafisha na kuvuta kaptula mwenyewe. Jaribuni pia kifuniko cha chupa ya maji na cha hotpoti: kama kwako wewe kinafunguka kwa nguvu, yeye hakiwezi, na anashinda na njaa kwa kuona aibu kuomba.

La pili ni lugha. Mtoto anayeongea Kiswahili tu nyumbani, akakatazwa Kiswahili darasani, anakaa saa nyingi bila kuweza kusema shida yake. Zipo shule zinazomvisha kibao anayeteleza akaongea Kiswahili. Muulize mwalimu waziwazi kama hilo lipo, na uombe mtoto wa awali asiguswe nalo. Wewe mfundishe sentensi tatu za Kiingereza mpaka zitoke zenyewe: ya kuomba kwenda chooni, ya kuomba maji, na ya kusema naumwa. Tatu zinatosha kuanzia.

tabibu_wa_kata
Naongezea upande wa afya. Maumivu ya wasiwasi huwa katikati ya tumbo karibu na kitovu, huja asubuhi za shule na kuisha baadaye. Mpeleke kituo cha afya kama maumivu yanamwamsha usiku, yanakuja hata wikiendi, yana homa, kutapika, kuhara, damu kwenye choo, mkojo kuuma au kupungua uzito. Yakihamia upande wa kulia chini ya kitovu na akashindwa kutembea wima, mpeleke siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Jambo la choo alilosema Mwalimu lina matokeo ya kitabibu. Mtoto anayebana haja shuleni anapata choo kigumu, na choo kigumu kinaleta maumivu yale yale ya tumbo. Dalili: anakwenda haja kubwa chini ya mara tatu kwa wiki, anaumia akienda, au chupi ina madoa. Mpe maji ya kutosha, papai, mboga za majani. Baada ya chai akae chooni dakika 5 hadi 10, miguu ikiwa na pa kukanyaga, kwa sababu utumbo hufanya kazi zaidi baada ya kula. Wiki mbili zikipita bila nafuu, aonwe.

Usingizi: wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na wa mchana. Kama anaamshwa saa 11:30 alfajiri awahi gari na halali mchana, basi saa 1:30 usiku awe ameshalala. Anayelala saa 4 baada ya tamthilia atalia asubuhi hata kama shule anaipenda. Na apimwe macho na masikio, maana asiyesikia vizuri anaonekana mkaidi darasani.

Baba Zai
Sasa utaratibu wenyewe wa kumrudisha. Nenda kwa mwalimu wa darasa mtoto asiwepo, mkubaliane mtu mmoja wa kumpokea getini, yule yule kila siku, na kazi ndogo ya kumpa akifika, kama kugawa madaftari. Kwa wiki moja mpeleke wewe au baba yake badala ya gari. Akienda bila kilio, tatizo liko kwenye gari: chunguza nani anakaa naye na nani anambeba kumpandisha na kumshusha.

Kuaga kuwe kufupi. Kumbatio moja, sentensi moja: "Nitakuja mkimaliza kula mchana." Kisha ondoka, na uje kweli muda huo. Usitoroke akiwa amegeuka, kesho hatakuachia mkono. Usichungulie dirishani pia. Akikuona, kilio kinaanza upya.

Akigoma siku nzima, anzeni na nusu: siku mbili mpaka uji wa saa 4, siku mbili mpaka chakula cha mchana, kisha siku nzima. Tarehe ya mwisho ipangwe na mwalimu tangu mwanzo, na msirudi nyuma. Tegemea Jumatatu kuwa ngumu kuliko siku zote, hivyo sare na begi viandaliwe Jumapili jioni. Akibaki nyumbani kwa ugonjwa wa kweli, hakuna katuni, hakuna simu. Analala.

Na wote nyumbani mseme neno moja. Bibi akisema "mwacheni mjukuu wangu" mbele yake, mpango umeisha.

mama_mbagala
Asanteni sana. Jana tumecheza vizibo. Akiwa mwalimu alikuwa anavipiga vyote na rula, hata ambavyo havijakosea. Nimeogopa.

Mwl_Awali
Umefanya vizuri kuangalia. Mchezo peke yake si ushahidi, kwa hiyo leo ukimwogesha angalia viganja, mapaja na makalio. Ukikuta alama piga picha, na mpeleke kituo cha afya. Kesho nenda kwa mkuu wa shule mwenyewe, si kwa mwalimu wa darasa. Kanuni za Tanzania zinasema viboko hutolewa na mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa kosa kubwa, visizidi vinne, kwa kuzingatia umri na afya, na viandikwe kwenye kitabu. Omba ukione hicho kitabu. Mtoto wa awali kupigwa rula kwa kukosea herufi hakumo humo.

Usiposikilizwa nenda kwa afisa elimu kata. Kwa ushauri, namba ya simu ya watoto ni 116, bure. Ukiona maumivu au michubuko sehemu za siri, au mtoto anaogopa mtu mmoja mahususi akikaribia kumvua nguo, usimhoji tena na tena na usimwogeshe. Mpeleke hospitali na dawati la jinsia na watoto polisi siku hiyo hiyo. Mpaka umepata majibu ya mkuu, mpango wa Baba Zai usubiri.