Kaka kaua makali ya skii za mdogo wake. Nimwambie baba yao?

Mama Wawili
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, na matusi tafadhali wekeni pembeni, leo siku ya tatu sijalala.

Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku Tirol, Austria, mwaka wa 17 sasa. Nina wavulana wawili, mkubwa 15, mdogo 14. Wote wanashindana skii, ule mchezo wa kushuka mlima wa theluji mbio mbio ukipita kati ya fito. Huku ndio mpira wao. Baba yao alishindana ujanani mpaka goti likamwachisha, na tamaa iliyobaki kawarithisha watoto.

Shida ni kwamba wako daraja moja, la chini ya miaka 16. Mkubwa ndiye alikuwa jogoo. Msimu huu mdogo kaota mwili ghafla, kamzidi kakaake kimo na uzito, na kwenye mteremko uzito ni mali. Mwezi wa kwanza akampita kwa sekunde 0.08. Hata jicho hujalipepesa. Toka siku hiyo nyumba haikaliki. Baba yao anabandika muda wao kwenye mlango wa friji, wa mshindi kwa kalamu nyekundu, na mezani ni "mwenzako hivi, mwenzako vile". Mkubwa kahamia kulala sebuleni.

Jumapili mdogo alianguka fito ya nne, kwenye barafu tupu. Mguu wa kulia ulikwenda kombo, akaserereka hadi kwenye nyavu. Nyonga imevilia damu, vinginevyo mzima. Kocha akasema bahati mbaya.

Mimi moyo ukakataa. Usiku nikashuka stoo. Hizi skii zina makali ya chuma pembeni, hunolewa kwa tupa na kinoo kabla ya shindano, na baba yao huyapima kwa ukucha: makali mazuri ukiyapitishia ukucha yanaukwangua, unabaki unga mweupe. Nikapitisha wangu. Mbele sawa, nyuma sawa. Katikati, pale mguu unapokanyaga, kama shubiri moja hivi, ukucha ukateleza kama juu ya kijiko.

Asubuhi nikamuuliza mkubwa. Hakubisha. Alilia, akasema alipitisha jiwe mara tatu tu, alitaka mwenzake achelewe, hakutaka aanguke. Kaniomba nisimwambie baba.

Jumamosi wana shindano lingine. Nikisema, baba yao ni mkali, sijui atamfanya nini. Nikinyamaza, na mdogo akavunjika mguu?

Mzee wa Chumbageni
Dada rudi nao Tanga wakavue. Huku ndugu wanagombea kiwanja cha marehemu tu, hamna barafu 😀 Utani pembeni, pole sana.

Bint Pwani
Mzee acha hizo. Halafu msidhani ni mchezo wa wazungu tu. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia hukohuko Austria, aliiwakilisha Kenya Olimpiki ya PyeongChang 2018.

Fundi Nta
Niko Norway, nahudumia skii za watoto wa klabu. Dada, makali ya chini ya mguu ndiyo yanabeba mwili wote kwenye kona. Kijana alijua pa kugusa, hilo usilipambe. Lakini ni mtoto wa miaka 15 na amekiri mwenyewe.

La leo leo: tia kufuli stoo. Kila mtu anole zake, na asubuhi ya shindano apitishe ukucha mwenyewe. Msimu ujao mkubwa anapanda kwenye mashindano ya FIS, shirikisho la skii la dunia, ya miaka 16 na kuendelea, mdogo anabaki, kwa hiyo daraja moja hili linaisha.

Ila naona wote mnajadili baba. Mwenye nyonga ni mdogo. Yeye kaambiwa?

Kumbukumbu
Dada, hapo Innsbruck kwenyewe, Olimpiki ya 1964, walikuwepo Wafaransa wawili, Christine na Marielle Goitschel, wamepishana mwaka na ushei kama wanao. Slalomu, mbio za fito zilizokaribiana, dhahabu kachukua dada mkubwa, fedha mdogo. Siku mbili baadaye, slalomu kubwa, ambayo fito zake zimeachana zaidi, mdogo dhahabu, mkubwa fedha.

Na Sarajevo 1984 mapacha wa Marekani, Phil na Steve Mahre. Steve anaongoza raundi ya kwanza. Ya pili Phil katangulia kushuka, kufika tu chini akachukua simu ya upepo kumweleza nduguye aliyeko juu njia ilivyo. Ndugu huyohuyo angeweza kumnyang'anya dhahabu. Phil alishinda kwa sekunde 0.21.

Bint Pwani
Mfano mtamu, ila Mahre walikuwa na miaka 26, na muda wao haukubandikwa kwenye friji ya mtu. Mimi namlaumu shemeji. Zile karatasi zibandue leo, usingoje ruhusa.

Mtu Kimya
Mimi ningenyamaza. Kijana kajuta, ukimpeleka kwa baba mkali hatakuambia neno tena maisha yake yote. Weka kufuli, basi.

Fundi Nta
Mtu Kimya, na baba akiambiwa, aambiwe na mtoto mwenyewe, mama akiwa pembeni yake. Lakini mdogo kwanza.

Mama Wawili
Mrejesho. Asanteni, hata Mzee wa Chumbageni, nimecheka kidogo.

Fundi, swali lako lilinichoma. Nilikuwa nahesabu baba na mkubwa, yule aliyeanguka nikamsahau. Leo mchana nimewakalisha jikoni. Mkubwa kasema mwenyewe, anaangalia meza.

Mdogo kanyamaza muda mrefu. Halafu akasema usiku ule aliamka kunywa maji, akasikia kinoo kule stoo. Akarudi kulala kwa raha, alidhani kakaake anamnolea.

Mkubwa hapo ndipo alipovunjika, si aliponililia mimi. Baadaye nimewasikia stoo wote wawili, sijui wanasemaje, sikushuka.

Baba yao anatoka kazini saa 12. Mkubwa anasema atamwambia yeye. Karatasi nimezibandua, mlango wa friji umebaki na alama za gundi tu.