MREJESHO: Hoka Speedgoat 5 au 6 kwa njia za Uluguru

Wakuu, niliwauliza kuhusu viatu vya kukimbilia njia za milimani: niongeze hela nichukue Hoka Speedgoat 6, ile ya 2024, au nitosheke na 5 ya 2022 ambayo bei imeshashuka. Wengi mlinisukuma kwenye 6. Ya 5 nimeazima kwa jamaa tunayekimbia naye, miguu yetu saizi moja, na ya 6 nimenunua.

Uzito sahauni. Ya 5 gramu 291, ya 6 gramu 278, mguu hauoni tofauti. Soli nazo ni ndugu: zote mpira wa Vibram Megagrip, meno ya milimita 5. Kupanda Morningside, pale juu ya Morogoro, baada ya mvua, ule udongo mwekundu umejaa kwenye meno ya viatu vyote viwili vilevile. Kwenye jiwe lililolowa zote zinashika, hapo sina neno.

Mambo yako kwenye sponji. Ya 5 ni laini, unadunda, na kwenye barabara ya vumbi ni raha tupu. Ya 6 imekaza. Mwanzoni niliona kama nimepigwa, hadi tuliposhuka kwenye mizizi na mawe yaliyolegea: ya 5 kisigino kinayumba pembeni, ya 6 kinatua kinatulia. Mwenye kifundo kilichowahi kuteguka kama changu atanielewa.

Kwa hiyo nabaki na 6. Ila aliyeniambia "kama unakimbia zaidi barabarani okoa hela, chukua 5", mkuu, ulisema kweli.