MREJESHO: Yule paka wangu aliyekuwa analia usiku kucha

Wakuu, asanteni. Nilileta hapa habari ya paka wangu wa miezi saba, hapa Igoma, analia usiku na kujigaragaza; nikadhani ni tumbo. Mliosema yuko kwenye joto, yaani anataka dume, mlipatia.

Nilimfungia ndani kama mlivyoshauri. Wiki moja ikapita, akatulia. Baada ya siku 14 akaanza upya, na hapo nikazembea: nilikuwa naparua sato, dirisha la jikoni wazi, huyoo!

Kazaa watatu siku ya 64 tangu atoroke, ndani ya beseni la nguo safi. Daktari wa mifugo kaonya anaweza kushika mimba tena hata akinyonyesha, kwa hiyo dirisha nimelipigia wavu. Watoto wakiacha ziwa, tunamfunga kizazi.